Hatutavaa kofia ya chama

Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa Masisi na Walikale waliokimbilia Goma, Februari 2024



Tuanze na swali ambalo wote mnatuulizaka. Kwenye bariere, sokoni, ndani ya kambi, hata nyumbani kwa mama zetu: "Nani njo anawatumaka? Ni chama gani? Banawalipaka ngapi?" Ukijibu kwamba hakuna anayekutuma, mtu anacheka. Anakuangalia viatu. Anasema: "Basi muko wajinga, ama munatuficha."

Hatukasiriki. Sisi wenyewe tungeuliza vilevile. Tangu tuzaliwe tumeona watu wakipaza sauti leo na kesho wakipewa gari. Mtu anapiga kelele juu ya barabara ya Masisi, miezi sita baadaye yuko mshauri wa waziri huko Kinshasa, na barabara iko palepale kwenye matope. Kwa hiyo leo tutajibu polepole, na tutajibu yote, hata sehemu ile inayotuuma sisi wenyewe.

Tunasemea hapa Goma kwa sababu wengi wetu hatuna tena njia ya kurudi. Kitchanga ilichukuliwa Januari mwaka jana. Mwezi uliopita mabomu yaliangukia Mweso yakaua raia. Na tangu mwanzo wa mwezi huu mmeona wenyewe barabara ya Sake: kilomita 27 tu, imejaa watu wenye magodoro kichwani, mbuzi, sufuria, watoto wanaobeba watoto. Wale wa Walikale walio hapa wametuambia walivyozunguka kwa Hombo, wakashuka Bukavu, wakapanda boti ya ziwa, ili tu wafike kwenye mji ambao zamani walifikia kwa kupita Masisi. Viazi na maharage ya Masisi yamepanda bei, na fromage tuliyoizoea tangu utoto sasa ni ya wenye pesa. Hayo mnayajua. Tunayataja kwa sababu tunataka kuongea juu ya vyama vya siasa, na mtu anaweza kusema: watu wanalala chini ya bashi, nyinyi mnaleta habari ya vyama? Ndiyo. Ni palepale chini ya bashi ndipo vyama vinakuja kututafuta.

Tarehe 20 Desemba 2023 nchi ilipiga kura. Masisi haikupiga. Rutshuru haikupiga. Kule Mai-Ndombe, Kwamouth nayo haikupiga. Walikale ilipiga. Kwa hiyo katika chumba hiki kuna vijana walio na depite na wengine wasio na depite, na tukiwauliza kama wale wa kwanza wanalala vizuri kuliko wale wa pili, tunafikiri tunajua jibu. Lakini kiti kitupu kinavuta watu. Tangu Bunge lifunguliwe mwezi uliopita, kila wiki kuna mtu anatangaza kwamba yeye ndiye sauti ya Masisi. Na kila mmoja wao anahitaji vijana nyuma yake kwenye picha.

Sasa tuwaambie jambo ambalo hatujawahi kulisema hadharani.

Mwaka jana, miezi michache kabla ya kampeni kuanza, mtu mmoja aliyetaka ubunge alituita. Hatutamtaja, wala chama chake. Alitupokea vizuri sana. Alitununulia soda na mishikaki, alituuliza habari za wazazi wetu, alijua hata jina la kijiji cha mmoja wetu. Kisha akaleta neno lake: pikipiki mbili mpya, kodi ya ofisi kwa mwaka mzima, na pesa ya kuweka unite kwenye simu kila mwezi. Tukamuuliza anataka nini. Akasema: "Sitaki mujiandikishe kwangu. Nataka tu, nikifika Masisi, munisindikize. Na muvae tisheti zenu, si zangu."

Tisheti zetu, si zake. Pale ndipo tulipaswa kuelewa mara moja, lakini hatukuelewa mara moja. Tulijadili usiku mbili. Mtu ambaye hajatembea kwa miguu kutoka Masisi-centre mpaka Nyabiondo wakati wa mvua asitucheke kwa ajili ya pikipiki. Tuko na wenzetu wanaotembea siku nzima kwenda kuandika tu kwamba shule fulani imekuwa kambi ya askari. Pikipiki mbili zingebadilisha kazi yetu. Mwenzetu mmoja alisema: "Tukule mishikaki yake, tupande pikipiki zake, halafu tumuseme vilevile akikosea." Wengi walipiga makofi.

Tulikataa. Lakini msifikiri tulikataa kwa sauti moja kama malaika. Tulikataa kwa tofauti ya watu wawili. Na wengine kati ya waliosema hapana walisema hapana kwa sababu waliogopa kuchekwa, si kwa sababu waliona mbali.

Kilichotufundisha kweli kilikuja baadaye, na kilikuwa kofia.

Kuna kijiji kimoja cha mpakani kati ya Masisi na Walikale. Hatutakitaja kwa usalama wa watu wake. Tulitayarisha mkutano pale kwa majuma matatu. Kazi ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya: kuhesabu bariere. Mama anayetoa mafuta ya mawese Walikale, au anayeshusha ndizi kutoka mlimani, analipa mara ngapi kabla ya kufika sokoni? Analipa kwa nani? Wengine wanatoa risiti, wengine wanatoa jeto, wengine wanatoa fimbo. Na usiku wanapita tena kuomba ile ya "lala salama", kana kwamba kuna mtu anayelala. Tulitaka kuandika yote hayo, bila kuchagua kundi, bila kusahau hata bariere za wale wanaovaa nguo za serikali, halafu kupeleka karatasi moja kwa administrata wa kila teritware, kwa gavana, kwa MONUSCO, na kuisoma redioni.

Kazi hiyo haiwezekani ukiwa na watu wa upande mmoja tu. Mhunde anajua bariere za upande huu, Mhutu anajua zile za kule, Mnyanga na Mtembo wanajua zile za msituni. Kila mmoja anaogopa kusema mbele ya mwenzake, kwa sababu bariere ile labda inasimamiwa na kaka wa mtu aliyekaa hapo kwenye benchi. Tulitembea nyumba kwa nyumba. Tulikunywa pombe ya ndizi na wazee ambao hatukupenda kunywa nao. Siku ile walikuja. Watu kama 40, wamechanganyika, jambo ambalo mwalimu wa pale alituambia hakuliona tangu siku nyingi.

Mvua ikaanza. Mwenzetu mmoja, kijana mzuri, si mwanachama wa chama chochote, alitoa kofia mfukoni akaivaa. Ilikuwa kofia ya kampeni. Aligawiwa Goma, kama vile watu wote walivyogawiwa. Haikuwa hata ya yule wa pikipiki. Ndiyo kofia pekee aliyokuwa nayo.

Hakuna aliyesema neno. Vijana wawili waliokaa nyuma walisimama, wakatoka kama watu wanaokwenda haja. Hawakurudi. Kisha akina mama wakafunga watoto mgongoni. Kisha mzee mmoja akakumbuka ng'ombe wake. Baada ya nusu saa tulibaki sisi na mwalimu na mvua.

Jioni, mzee yule yule wa ng'ombe alitufuata tulipolala. Alimwambia mwenzetu, bila hasira: "Mutoto, ile kofia yako iko na kabila. Na ile kabila iko na bunduki kule kwa mulima."

Tumerudia maneno hayo mara nyingi tangu siku ile. Kule Kinshasa labda kofia ya chama ni kofia tu, ya kujikinga jua. Huku kwetu watu wanasoma kofia kama wanavyosoma kitambulisho. Chama ni jina la mkubwa wake. Jina linaonyesha kabila. Kabila, watu wanasema, liko na vijana wake wenye silaha. Si kweli kila mara! Kuna vyama vyenye watu wa makabila yote, tunavijua. Lakini mama ambaye amekimbia mara tano hangojei ushahidi. Anaona rangi, anafunga mtoto, anaondoka.

Na hakuota tu. Turudi nyuma kidogo, maana wengi wetu hapa tulizaliwa baada ya mambo haya, na nyumbani hawatuelezi vizuri.

Machi 1993, watu waliuawa kwenye soko la Ntoto, Walikale. Kutoka pale moto ukashika Masisi, jirani akamuua jirani, maelfu wakafa. Ilikuwa wakati ule Mobutu amefungua mlango wa vyama vingi, na wanasiasa wa hapa wanahesabu nani atakuwa na watu wangapi siku ya kura, nani ni Mzaire na nani si Mzaire. Hatusemi vyama vingi ndivyo vilileta mauaji. Ardhi na uraia vilikuwa vimeoza zamani. Tunasema tu kwamba tangu hapo, huku kwetu, kuhesabu kura na kuhesabu kabila ni hesabu moja.

Tarehe 23 Machi 2009, hapa hapa Goma, serikali ilisaini mkataba na CNDP. Katika mkataba ule, CNDP, jeshi ambalo Masisi inalijua kuliko mtu yeyote, ilikubaliwa kugeuka chama cha siasa. Miaka 3 baadaye, watu waliotoka ndani yake walianzisha vita tena na kuchukua ile tarehe kuwa jina lao: M23. Bunduki iligeuka chama, chama kikarudi bunduki. Na Desemba iliyopita, mtu aliyekuwa mkubwa wa CENI wakati wa kura za 2018, Corneille Nangaa, alisimama Nairobi akatangaza muungano wa siasa pamoja na M23 hiyo hiyo. Aliyekuwa anahesabu kura amekwenda kukaa na wenye bunduki. Tutacheka au tutalia?

Walikale msicheke Masisi. Mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti 2010, kwenye barabara ya Kibua na Mpofi, Luvungi na vijiji jirani, wapiganaji walibaka watu kwa siku nne. Umoja wa Mataifa ulihesabu wahanga 387. Ntabo Ntaberi Sheka, mkubwa wa moja ya makundi yale, alitolewa hati ya kukamatwa mwanzoni mwa 2011. Na mwaka ule ule wa 2011, Novemba, Sheka alikuwa mgombea ubunge wa Walikale. Anatafutwa na mahakama, na jina lake liko kwenye karatasi ya kura. Alihukumiwa kifungo cha maisha hapa Goma Novemba 2020, miaka 10 baada ya Luvungi. Sisi tulikuwa watoto wa shule ya msingi siku zile. Leo tunaambiwa tuchague chama tusikose nafasi.

Sasa, kuna ndugu walioko hapa wanaosema: sawa, vyama vya huku vimechafuka, lakini upinzani je? Wakati serikali inatesa watu, si ni lazima kuungana na wanaoipinga?

Kwa hili tuko na wakubwa wetu wa kutufundisha. LUCHA ilizaliwa katika mji huu mwaka 2012, na vijana kama sisi, wenye diploma bila kazi, waliouliza kwa nini Goma inakaa kando ya ziwa na haina maji. Mwaka 2016, Kabila alipokuwa anatafuta njia ya kubaki, vyama vya upinzani viliita siku ya mji kufungwa, tarehe 16 Februari. LUCHA iliunga mkono siku ile. Alfajiri, vijana 6 walikamatwa Goma wakitayarisha vitambaa vya maandishi. Mmoja wao alikuwa Rebecca Kabugho. Walipewa miaka miwili, wakakata rufaa, ikawa miezi sita, wakailala Munzenze. Wakati ule Fred Bauma na Yves Makwambala walikuwa bado jela Kinshasa tangu Machi 2015. Na wakubwa wa upinzani walisema maneno mazuri sana juu ya vijana hao. Walisema ndio tumaini la nchi.

Kisha upinzani ukaingia ikulu, Januari 2019. Tarehe 21 Mei 2020, Beni, vijana wa LUCHA waliandamana kudai usalama; polisi walipiga risasi, Freddy Kambale akafa. Novemba 2021, Beni tena, vijana walikamatwa kwa kupinga utawala wa kijeshi uliowekwa mkoani tangu Mei mwaka ule. Aprili 2022 mahakama ya kijeshi ikawapa 12 kati yao mwaka mmoja jela. Raia, mbele ya majaji wa kijeshi, kwa ajili ya kuandamana.

Mmeona? Rangi ya chama ilibadilika, lango la jela halikubadilika. Kama vijana wale wangekuwa wamechukua kadi ya upinzani mwaka 2016, mwaka 2021 wangesema nini? Wangekaa kimya kwa sababu ni "wetu wanaotawala". Au wangesema na kuitwa wasaliti. Walibaki na mdomo wao kwa sababu mwaka 2016 walitembea pamoja na upinzani siku moja, kwa neno moja, na jioni kila mtu akarudi kwake.

Ndivyo tunavyofanya sisi. Chama kikisema barabara ya Sake–Masisi–Walikale itengenezwe, tutasimama nacho siku hiyo. Kesho yake tutakiuliza kilifanya nini kilipokuwa na waziri.

Na hapa tuseme wazi, kwa sababu kuna wanaotumia neno letu vibaya. Kujitegemea si kukaa katikati kama mtu asiyeona. M23 na jeshi la Rwanda lililo nyuma yake wamechukua vijiji vyetu kwa nguvu. Wataalam wa Umoja wa Mataifa wameandika, na sisi hatukuhitaji wataalam kujua nani alitufukuza. Katiba yetu, kifungu cha 64, inasema ni wajibu wa kila Mkongomani kumzuia mtu au kundi linalochukua mamlaka kwa nguvu. Tunakisimamia bila silaha. Lakini kwa sababu hatuna chama, tunaweza pia kusema kwamba wengine wanaojiita watetezi wetu wanaweka bariere, wanakula mbuzi za watu, wanapeleka watoto wa miaka 15 mstari wa mbele. Jaribu kusema yote mawili ukiwa na kadi mfukoni. Utaweza nusu tu, ile nusu inayompendeza mkubwa wako.

Sasa ile sehemu inayouma.

Tuko na diploma. Mmoja wetu amesoma sheria, mwingine kilimo, mwingine maendeleo vijijini. Diploma zimefungwa kwenye plastiki ili mvua isizifikie, na zimekimbia vita pamoja na sisi. Hatuna kazi. Mchana tunaandika matangazo kuhusu haki za raia, jioni tunamwomba dada mdogo anayeuza makala 500 franka za kuweka unite. Baba wa mmoja wetu aliuza ng'ombe wawili Masisi ili mtoto amalize chuo kikuu. Leo hao ng'ombe wengine wameibwa, baba yuko kambini, na mtoto mwenye diploma anamletea maneno. Siku moja baba yake alimuuliza mbele yetu: "Ile harakati yenu inakulaka nini?" Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatuna.

Tuko na mwenzetu aliyeondoka. Alikuwa kati ya wale waliotetea pikipiki usiku ule. Alijiunga na chama, wakampa kazi ya kusimamia vijana wao, na anapata mshahara. Si mwingi, lakini unakuja. Ameoa. Mama yake amepata dawa. Hatumhukumu, na tukisema hatumwonei wivu tutakuwa waongo. Tulionana naye wiki iliyopita, akatununulia chai na mkate. Tulimuuliza kama ataweka jina lake kwenye barua yetu juu ya maji ya kambi ya Bulengo. Akasoma barua mpaka mwisho. Akasema iko ya kweli yote. Akasema: "Lakini munajua kama siwezi." Akalipa chai.

Hilo ndilo tunalonunua kwa njaa yetu, ndugu: kuweza kutia sahihi. Ni bei kubwa. Hatutawaambia ni ndogo.

Kuna dada mmoja wa Pinga aliyetuuliza swali zuri, na hatukumjibu vizuri siku ile. Alisema: "Kama vijana wazuri wote wanakataa vyama, nani atatawala? Wale wale wabaya?" Dada, uko na haki. Kifungu cha 6 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kuanzisha chama au kuingia chama anachokitaka, na sisi hatujaja kuvunja Katiba. Nchi haiwezi kuongozwa na harakati. Sheria zinapigiwa kura na wabunge, bajeti inapigiwa kura na wabunge, na bila watu wa kweli ndani yake tutabaki kulia nje. Kwa hiyo anayesikia wito wa siasa aende. Tunachoomba ni kwamba atoke kwa mlango wa mbele, mchana, watu wakimwona. Aseme: kuanzia leo mimi niko wa chama fulani. Arudishe tisheti, atoke kwenye makundi yetu ya WhatsApp, asitumie orodha ya simu zetu kutafutia kura. Na akishindwa uchaguzi, asirudi kesho yake kama mtu aliyekuwa amekwenda sokoni. Huyo akipita, wengine wetu tutampigia kura hata, kila mtu na siri yake. Na mwezi wa kwanza wa kazi yake tutamwandikia barua kama tunavyowaandikia wengine.

Kuhusu pesa, kwa sababu najua ndilo swali lililobaki vichwani. Kila mwanachama anatoa 1,000 franka kwa mwezi akiwa nazo. Asiye nazo anatoa kazi: anaandika, anabeba vitambaa, anapika. Hatupokei pesa ya chama, ya mgombea, ya depite, ya kundi lenye silaha, wala ya mfanyabiashara wa madini ya Rubaya au ya Bisie. Daftari liko hapa mezani. Mkimaliza kutusikiliza, pitieni, soma kila ukurasa. Ni dogo, halitawachosha.

Tunajua pia kwamba mlango wa kununuliwa hauna umbo moja. Kuna wanaokuja na kabila: "Muko watoto wetu, mutatuachaje?" Kuna wanaokuja na kanisa. Kuna wanaokuja na jina zuri la shirika, na ukichimba unakuta nyuma yake mgombea. Sisi wenyewe tumeshakosea. Mara moja tulipokea mabati ya kusaidia familia zilizounguliwa nyumba, na siku ya kugawa tukakuta picha ya mtu imebandikwa kwenye kila bati. Tulizitoa picha moja moja kwa maji na kisu, mchana kutwa, kwa sababu familia zilikuwa zinanyeshewa na hatukuweza kurudisha mabati. Gundi ilikuwa kali kweli.

Tumalize na kazi, maana hatukuwaita kwa maneno tu.

Ile hesabu ya bariere iliyokufa kwa sababu ya kofia, tunaianza upya. Kijijini hatuwezi kufika sasa, lakini watu wa kijiji wako hapa: Bulengo, Lushagala, Rusayo, Kanyaruchinya, na wengine wamelala kwa ndugu ndani ya mji. Kila mtu aliyetembea njia ya Masisi au ya Walikale anakumbuka mahali alipolipa. Tutaandika mahali, kiasi, na kama alipewa karatasi. Hatutaandika jina la aliyetuambia. Tutakuwa wawili wawili, na kila jozi itakuwa na watu wa makabila mawili, ili asiwepo mtu wa kusema tumeficha bariere za kwetu. Tunahitaji watu 20 wanaojua kuandika, na wengine 10 wanaojua Kihunde, Kinyarwanda, Kinyanga au Kitembo, kwa ajili ya wazee.

Tukutane Jumamosi saa tatu asubuhi, hapa hapa. Njoo na kalamu yako, sisi tutaleta karatasi. Kofia za kampeni, tisheti za kampeni na vitenge vyenye picha ya mtu viache nyumbani. Kama huna nguo nyingine, na tunajua kuna walioikimbia Sake na nguo moja tu mwilini, tuambie leo kabla ya kutoka. Dada zetu wameleta mfuko wa nguo, uko pale karibu na mlango.